Je, nikisema "nina kisukari" nimeikana imani?

Swali: Mama Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 41, naishi Dodoma. Mwezi wa nane niligundulika na kisukari nikaanzishiwa vidonge. Katika kikundi chetu cha maombi nimeelekezwa nisiseme "nina kisukari", kwa sababu ukiukiri ugonjwa unaukaribisha. Niseme "nimepona" na niwaze chanya, maana mtu ni vile anavyowaza. Nimejitahidi. Mchana naweza. Lakini usiku saa nane naamka moyo unadunda, namkumbuka mama yangu aliyekatwa mguu kwa ugonjwa huu huu, halafu naogopa zaidi kwamba woga wangu ndio unaouzuia uponyaji. Je, kuwaza chanya kunajenga imani au ninajidanganya? Na haya mawazo ya usiku niyafanyeje?

Jibu: Amina mwanangu, asifiwe milele.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia tena. Neno lililonishika ni lile fupi kuliko yote: "Mchana naweza." Mchana una watoto wa kufundisha na madaftari ya kusahihisha, na mwili una nguvu ya kuyasukuma mawazo yakae mbali. Usiku nguvu hiyo imeisha, nayo yanarudi yote kwa pamoja. Imani ambayo ni lazima uishikilie kutwa nzima isidondoke inakuchosha badala ya kukubeba. Kwa hiyo nikujibu waziwazi kabla ya maelezo: kusema una kisukari si kuikana imani. Na kuwaza chanya kunaweza kuijenga imani, tena sana, nami nitakuomba uanze leo. Ila namna uliyofundishwa inaanza kwa kuifukuza kweli, na imani ya Biblia haijengwi hivyo.

Kabla ya Biblia, tuanze na mwili, maana nimefanya huduma ya uchungaji wodini kwa miaka 19 na nimejifunza kutokurukia mambo ya roho. Kuamka saa nane za usiku moyo unadunda si lazima iwe woga. Kama unaamka na jasho, kutetemeka au njaa ya ghafla, inawezekana sukari imeshuka mno, hasa ikiwa katika vidonge ulivyopewa kuna vile vinavyoishusha kwa nguvu, au ulilala bila kula kwa sababu ya mfungo. Ukiwa na kipimo nyumbani, pima saa hiyo hiyo. Ikisoma chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, kisha upime tena baada ya dakika 15. Asubuhi yake uwaambie watu wa kliniki. Nimewahi kumwona mama aliyeombewa miezi miwili kwa ajili ya "mashambulizi ya usiku", kumbe kidonge chake cha jioni kilikuwa kikali kuliko mlo wake wa jioni. Na kama sukari iko sawa na bado moyo unadunda, basi hapo tunazungumza juu ya woga wenyewe, nao hauna aibu yoyote.

Sasa hayo mafundisho. Yamepita njia ndefu kabla ya kufika kwenye kikundi chenu. Msemo wa kuwaza chanya, kwa maana inayotumika makanisani, ulienea hasa baada ya mwaka 1952, kupitia mahubiri na maandishi ya Norman Vincent Peale, mchungaji wa New York. Lile la kwamba neno la kinywa chako linaumba jambo lenyewe lina chimbuko jingine: E. W. Kenyon alilifundisha Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye Kenneth Hagin wa Oklahoma akalieneza kwa kaseti, vitabu na chuo chake cha Biblia. Kwetu liliingia kwa mikutano ya injili na kaseti hizo hizo, kisha televisheni. Wengi wanaolifundisha wanampenda Mungu kweli na wanataka kukuona umepona. Hilo silitilii shaka, na usiwachukie akina mama wa kikundi chako.

Lakini angalia lilivyogeuza neno moja la Kiswahili. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mmoja wa ndugu wa Uamsho kule Kagera. Uamsho ule uliwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka kuingia Uganda, Burundi na Kenya, na huku Tanganyika ukaingilia upande wa Bukoba. Kwa watu wale, kukiri kulikuwa ni kusimama mbele ya ndugu na kusema jambo lilivyo: nimemchukia mke mwenzangu, nilichukua ndizi zisizo zangu, nimekaa siku tatu siwezi kuomba. Waliita kutembea nuruni, kutoka Waraka wa Kwanza wa Yohana sura ya kwanza. Ukishakiri, ndugu walikushika mkono, mkamshukuru Mungu pamoja. Leo nasikia mtu akiambiwa "kiri!" na kinachotakiwa ni aseme jambo ambalo bado halijawa. Neno ni lile lile, kazi yake imepinduliwa. Bibi yangu alikiri ili asibaki peke yake na jambo linalomwogopesha. Wewe, mwanangu, umefundishwa kukiri kwa namna inayokuacha peke yako saa nane usiku.

Utaniuliza: na ule mstari je? "Maana aonavyo nafsini mwake, ndivyo alivyo." Ni Mithali 23:7, na naamini ndio uliopewa. Fungua usome kuanzia mstari wa 6 hadi wa 8. Hapo pana onyo juu ya mwenyeji mchoyo: anakukaribisha mezani, anakuambia kula, kunywa, lakini moyoni anahesabu kila tonge. Usimtazame kinywa, Mithali inasema, kwa sababu alivyo ni vile alivyo moyoni. Ukiutazama vizuri mstari huo unakwenda kinyume na fundisho ulilopewa, kwa kuwa unamwonya mtu ambaye kinywa chake kinasema moja na moyo wake una jingine. Na ndivyo ulivyolazimishwa uishi tangu mwezi wa nane.

Tuje kwa Ibrahimu, baba wa wote waaminio. Katika Warumi 4:19 Paulo anaeleza imani yake ilivyokuwa, nayo Biblia yetu ya Kiswahili inasema "alifikiri hali ya mwili wake uliokuwa umekwisha kufa", na hali ya tumbo la Sara vilevile. Alifikiri! Umri wake ulikuwa kama miaka mia, akaukubali ulivyo. Ipo tafsiri ya zamani ya Kiingereza, ile ya mwaka 1611, inayosema kwamba hakuufikiri mwili wake, na wahubiri wengine wamejenga juu ya hilo. Nakala za kale zaidi za Kigiriki hazina hilo "ha-", na wafasiri wa Kiswahili wakazifuata. Silabi moja tu, mwanangu, lakini ndani yake kuna tofauti yote tunayozungumza. Kwa tafsiri ile, imani ni kutoutazama mwili. Kwa nakala zile za kale, imani ni kuutazama mwili wote, mikunjo yake na uzee wake, kisha kusema "lakini". Mstari wa 20 ndivyo unavyoanza: lakini.

Ninalotaka ulishike katika barua hii yote ni hilo "lakini", au kwa mazungumzo yetu ya kila siku, "ila". Msikilize Mswahili anavyosalimiana. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila mtoto ana homa." "Za siku nyingi?" "Njema tu, ila tumefiwa." Wageni hushangaa, wanaona tunajipinga wenyewe: habari zitakuwaje njema na kuna msiba? Sisi hatuoni mgongano. Sehemu ya kwanza inasema kwamba bado nipo, Mungu bado yupo, wewe na mimi bado ni watu wa kujuliana hali. Sehemu ya pili inasema mzigo. Wodini nimewasikia wagonjwa wasio na nguvu ya kuinua kichwa wakiniambia, "Sijambo mchungaji, ila usiku nimeteseka." Hiyo ni sentensi kamili ya mtu mwenye imani. Ukiikata ibaki "usiku nimeteseka" ni kukata tamaa, na ukiikata ibaki "sijambo" umemfungia mtu nje, hata mchungaji wako hawezi kukuombea kwa sababu hajui unaumwa nini. Zaburi nyingi za maombolezo zinaigeuza tu mpangilio: zinaanza na mzigo, zinakuja na "lakini", zinamalizia na Mungu.

Kikundi chenu kimekata sentensi yako katikati. Mimi najua inavyokuwa, kwa kuwa niliikata yangu mwenyewe.

Mume wangu alipata kiharusi mwaka 2009. Nilikuwa tayari mchungaji, nimesoma, nimewazika watu wengi. Lakini ilipokuwa nyumbani kwangu nilimfuata mhubiri mmoja aliyeniambia nisiruhusu neno la mauti ndani ya nyumba. Nikatii. Kila aliyepiga simu nilimwambia tumeshinda, anaendelea vizuri, Bwana ametenda. Nilikuwa namtaja yule mama Mshunami wa 2 Wafalme sura ya 4, ambaye mtoto wake amelala amekufa, naye akamjibu mtumishi wa Elisha kwamba hawajambo. Wiki ya tano mume wangu, kwa ulimi ule mzito, alianza kuniambia jambo juu ya shamba letu na mpaka wake na ndugu yake. Nikamziba: "Baba, usikiri mauti." Akanitazama, akanyamaza. Wiki mbili baadaye akafariki. Sikujua mpaka ule ulikuwa wapi, na ndugu wale hawajaelewana hadi leo, lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba alitaka kuzungumza na mkewe, mkewe akamjibu kwa kauli ya mimbarani.

Baada ya arobaini nilirudi kuisoma habari ya Mshunami hadi mwisho. Ni kweli alimjibu mtumishi kwa kifupi. Lakini alipofika kwa Elisha mwenyewe alimshika miguu, na nabii akasema mwachie, roho yake ina uchungu. Kisha akatoa la moyoni: je, mimi ndiye niliyeomba mtoto? Sikukuambia usinidanganye? Huyo ndiye tuliyemfanya kielelezo cha kutosema maumivu! Alichagua tu wa kumwambia. Mtumishi aliyekutana naye njiani hakuhitaji kujua yote. Aliyetumwa na Mungu aliambiwa yote, akiwa ameshikwa miguu.

Umeuliza kama kuwaza chanya kunajenga imani, na huenda hadi hapa unaona kama nakubomolea tu. Soma Wafilipi 4:8. Paulo anawaambia wayatafakari mambo ya kweli, ya staha, ya haki, safi, yenye kupendeza, yenye sifa njema. Anaandika akiwa kifungoni, hajui kama ataachiwa au atauawa. Hakuna mahali katika Agano Jipya panapoagiza kuwaza chanya kwa uwazi kuliko hapa, na orodha inaanza na "ya kweli". Neno la Kigiriki analotumia kwa kutafakari ni la watu wa hesabu: kuhesabu, kuweka kwenye daftari. Na katika waraka huo huo, sura mbili nyuma, anawaeleza kwamba Epafrodito alikuwa mgonjwa karibu na kufa, kwamba Mungu alimhurumia, na kwamba yeye Paulo aliponea chupuchupu kupata huzuni juu ya huzuni. Hakuogopa kwamba akiutaja ugonjwa wa mwenzake ataurudisha. Alitaja ugonjwa, akataja rehema, vyote katika sentensi moja.

Kwa hiyo kazi ya kuwaza chanya kwa Mkristo ni kuhesabu yote. Mtu mwenye hofu hahesabu yote. Anahesabu hasara tu. Anakumbuka mguu wa mama, hakumbuki kwamba wewe umegundulika mapema, una vidonge, una kliniki, una miguu miwili mizima. Kumwambia mtu huyo aseme "nimepona" ni kumpa hesabu nyingine ya upande mmoja. Akili yako ni ya mwalimu, inajua jibu lililonakiliwa kwa jirani. Ndiyo maana usiku linakataa kushika.

Wataalamu wa akili nao walifika karibu na hapo kwa njia yao. Katika miaka ya 1960, daktari Aaron Beck wa Philadelphia alibaini kwamba wagonjwa wake wenye sonona walikuwa na mawazo yanayopita upesi sana, wakiyaamini bila kuyachunguza. Hakuwafundisha kuweka mawazo matamu mahali pa machungu. Aliwafundisha kulishika wazo na kulihoji: ushahidi wako ni upi? Kuna maelezo mengine? Ni kama unavyosahihisha mtihani: hata jibu linalokutisha unalipa maksi zinazolistahili, si zaidi. Na mwaka 1991 wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha matokeo ya utafiti juu ya wanawake waliokuwa wakipunguza uzito. Waliotarajia kwamba watafanikiwa walipungua zaidi. Lakini wale ambao akili zao zilielea katika njozi tamu za jinsi watakavyokuwa walipungua kidogo kuliko wengine. Njozi huifanya nafsi ione kama imeshafika, mwili ukalegea. Fikiria hilo kwa mgonjwa wa sukari anayesema kila asubuhi kwamba ameshapona. Kwa nini ameze kidonge? Kwa nini apunguze ugali? Nimewapokea wodini watu walioacha dawa kama ushahidi wa imani yao, wakaletwa hawajitambui. Tafadhali, mwanangu, usiache vidonge vyako. Na kikundi kikitangaza mfungo, hata wa siku moja, kwanza muulize daktari wako, kwa maana vidonge vya sukari na tumbo tupu havipatani.

Matarajio, basi, ndiyo tunayoyatafuta, na matarajio ya Mkristo yana mahali pa kusimama: mambo ambayo Mungu ameshayatenda. Hapo ndipo ninapokuletea Zaburi ya 77, ambayo naiita zaburi ya saa nane usiku. Asafu hana usingizi, naye anamwambia Mungu wazi kwamba wewe ndiye unayezuia kope zangu. Anauliza maswali ambayo kikundi chenu kingemnyamazisha: je, Bwana atatutupa milele? Je, Mungu amesahau fadhili zake? Hakuna anayemkemea ndani ya zaburi. Halafu anageuka, na ugeukaji wake hauanzi na kujisikia vizuri, bali na kitenzi kimoja: nitayakumbuka. Anakumbuka Bahari ya Shamu, maji yaliyoona na kuogopa, ngurumo, njia iliyopita katikati ya bahari na nyayo za Mungu ambazo hazikuonekana. Zaburi inaishia hapo hapo, ghafla, watu wakiongozwa kama kundi kwa mkono wa Musa na Haruni. Hatuambiwi kama Asafu alilala. Hatuambiwi tatizo lake liliishaje. Wakati ule wa usiku alichokuwa nacho ni kumbukumbu, ikamtosha kufika asubuhi. Mwandishi wa Maombolezo naye, Yerusalemu ikiwa majivu baada ya Wababeli, anasema: "Najikumbusha neno hili, kwa hiyo nina matumaini." Tumaini halikumjia lenyewe. Alijikumbusha.

Fanya hivi. Nunua daftari dogo, liweke karibu na kitanda pamoja na kalamu na kipimo chako. Mchana, ukiwa na nguvu, andika humo mambo ambayo Mungu amekutendea wewe, si ya Musa: mwezi, mwaka, mahali, nani alikuwepo. Siku uliyopata ajira. Mtoto aliyepona degedege. Yule jirani aliyekulipia nauli. Usiandike ya jumla kama "Mungu ni mwema". Hilo ni kweli lakini saa nane usiku halina meno. Andika lile ambalo ungeweza kulitolea ushuhuda mahakamani. Usiku ukiamka, kwanza pima. Halafu andika wazo lililokuamsha, kama lilivyo, bila kulipamba: "Nitakatwa mguu kama mama." Chini yake andika yaliyo ya kweli tu. Mama aligundulika lini? Alikuwa na kliniki karibu? Alijua kwamba kisukari huua hisia za miguu, mtu akatoboka na msumari asisikie, na kwamba vidonda vingi vinavyoishia kukatwa mguu huanza na jeraha dogo lisiloangaliwa? Wewe unajua, na kujua huko nako ni zawadi. Kisha fungua ukurasa wa ushuhuda usome mmoja, kwa sauti, hata ya kunong'ona. Malizia na sentensi nzima mbele za Mungu: Baba, nina kisukari, na ninaogopa, ila wewe ulikuwepo siku ile.

Usingizi ukirudi, vema. Usiporudi, umeomba.

Na lile la kwamba woga wako unazuia uponyaji, hilo nataka ulitoe kabisa kichwani. Yule baba wa kijana mwenye pepo katika Marko 9 alimwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Nusu imani, nusu hofu, na machozi. Yesu hakumwambia arudi atakapokuwa amekamilika. Mtoto alipona siku hiyo hiyo. Mungu hapimi imani kwa kipimo kama kile cha kidoleni, kwamba ikisoma chini ya kiwango anafunga mlango. Naye anaweza kukuponya kisukari chako kabisa. Nimeona mambo wodini ambayo madaktari waliyaandika kwenye faili bila kuyaeleza. Mwombe. Mwombe kwa ujasiri. Lakini omba kama wale vijana watatu mbele ya tanuru katika Danieli 3: Mungu wetu aweza kutuokoa, "bali kama si hivyo", bado ni Mungu wetu. Wengine husema maneno hayo ya pili ni upungufu wa imani. Mimi, niliyezika mume baada ya wiki saba za kutangaza ushindi, naona ndiyo imani yenyewe. Waliyasema huku wameutazama moto.

Kuhusu kikundi, usihame kwa hasira. Mchague mmoja, yule unayemwona ana moyo wa kusikiliza, umwambie faraghani: nina kisukari, ninameza dawa, usiku ninaogopa, niombee hivyo hivyo nilivyo. Uone atakavyofanya. Mara nyingi aliyekuwa anatangaza kwa sauti kubwa kuliko wote naye ana presha aliyoificha kwenye mkoba. Akilia pamoja nawe, mmepata kitu ambacho bibi yangu angekitambua. Akikukemea, basi umejua mzigo wako usimpe, nawe umsalimu kwa upendo na utafute mwingine, au mchungaji wa usharika wako.

Jioni, ukishanawa miguu, ikaushe vizuri katikati ya vidole na uitazame: nyayo, visigino, pembeni mwa kucha. Ukishindwa kuona chini, tumia kioo. Usitembee peku, hata uani. Ukiona kidonda au lengelenge, hata kama hakiumi, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Nenda asubuhi yake, na umwombe huyo mama wa kikundini akusindikize.